Kopo la Aneth na Kiganja Changu

Mjukuu wangu Aneth yuko kidato cha pili hapa Majimoto. Jioni moja aliingia na fimbo, kamba na sahani mbili za plastiki, akaning'iniza mizani yake jikoni kwangu.

"Bibi, atakayepima vizuri kuliko wote anaenda Mpanda kwenye mashindano ya sayansi. Ila kosa lisizidi asilimia tano."

Mwalimu wao, Anselmo, aliwapa wote makopo ya aina moja na mchele wa gunia moja. Kopo likijaa, aliwaambia, ni gramu mia nane. Nyie pimeni kwa mizani mliyotengeneza, tuone mmekosea kiasi gani. Upande mmoja mchele, upande wa pili maji ya kupimwa kwa bomba la sindano, maana mililita moja ya maji ni gramu moja.

Mimi nikawa mjazaji wa kopo. Aneth akainamia maji yake, ulimi nje, mpaka sahani zikalingana.

"Mia nane na themanini!" Akapiga hesabu chini kwa kijiti: zimezidi themanini, gawanya kwa mia nane, zidisha kwa mia. "Asilimia kumi, bibi. Nimekwisha."

Akachonga fimbo. Akasogeza kamba. Tukapima tena: mia nane na themanini. Kaka yake, Maiko, akacheka mlangoni.

"Andika mia nane na kumi, ukalale. Mwalimu hakai jikoni kwetu."

"Nikishinda kwa uongo, huko Mpanda nitapima nini?" Machozi yalikuwa karibu.

"Polepole, mama," nikamwambia. "Tuanze upya."

Safari hii hakuinama. Alinitazama nikichota, nikijaza, nikisawazisha, kisha akaruka.

"Bibi! Hicho nini?"

"Kipi?"

"Hicho kiganja cha juu!"

"Si nyongeza? Miaka yote nauza mchele sokoni, mtu ataondokaje bila nyongeza?"

Maiko alikaa chini kwa kicheko. Aneth naye alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akapitisha rula juu ya kopo, mchele uliozidi ukamwagikia kwenye ungo. Mia nane na kumi na sita. Asilimia mbili!

Ijumaa mwalimu akamchagua. Asubuhi ya safari nikawa nampimia mchele wa kumpelekea shangazi yake wa Makanyagio, huko huko Mpanda, ambako angelala. Nikaichukua rula.

"Wa shangazi usiupige rula, bibi," akasema, akiupanua mdomo wa mfuko.