Saini ya Bwana Aloys

Saa nne kasoro dakika tano Dévote, mhudumu wa ofisi ya serikali ya biashara ya nje, alifuta udongo mwekundu kwenye kiti cha mkurugenzi, akafungua dirisha, akaweka kikombe cha chai mezani. Saa nne kamili Bwana Aloys aliingia, akasalimia, akakaa. Alikuwa amekufa tangu Machi. Barua ya kumwondoa kazini ilihitaji saini yake mwenyewe, na alizikwa kabla haijachapwa, kwa hiyo jina lake lilibaki mlangoni naye akaendelea kuja. Nzi hawakutua juu yake. Chai ilipoa bila kupungua, na saa sita Dévote aliimwaga.

Siku hiyo Mawazo alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Ni mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayeishi huku Gasenyi. Yeye na wenzake ishirini hukausha ndagala, dagaa wa ziwani, na kuwauza nje. Nchi inayonunua samaki hao ilikuwa imetangaza kwamba itawafungia mlango ndagala wote wa ziwa hili, kwa sababu ya matokeo mabaya ya kipimo cha samaki waliotoka ziwa jingine. Pingamizi kutoka ofisi hii lingepokelewa kwa siku sitini tu. Hii ilikuwa ya sitini.

Chanelle, mwanasheria wa kituo kimoja cha Ulaya kinachozishauri nchi maskini bure kuhusu sheria za biashara, aliandika pingamizi hilo tangu wiki ya pili. Ukurasa mmoja, safi, usio na dosari. "Kinachobaki ni saini," alisema kwenye simu. Alisema hivyo kila Jumatatu.

Lakini katika ofisi ile anayesaini ndiye anayebeba lawama. Maxime, anayekaimu nafasi ya Aloys, aliiweka barua hiyo ya pingamizi chini ya nyingine. Nchi ile ilikuwa inawajengea ofisi mpya. "Nitaisoma, mama," alimwambia Mawazo, mara tisa. Uoga wa namna hiyo unaudhi kuliko wizi. Mwizi angalau hutoka jasho.

Saa tisa Dévote aliichomoa barua, akampelekea Aloys. Aliisoma polepole, mara mbili.

"Papa Directeur," Mawazo aliuliza, "wakati ulikuwa muzima, ungeisaini?"

"Apana, mama. Ningeogopa."

Akasaini. Karatasi ikawa baridi mno, Dévote akaishika kwa ncha ya kitenge. Chanelle alipoulizwa kuhusu saini ya marehemu alifikiri kidogo, akasema kanuni inadai mwenye cheo, haisemi kama lazima awe anapumua. Barua ilitumwa saa kumi na nusu.

Jumatano nchi ile ilijibu kwa adabu. Pingamizi limepokelewa, wanaomba tu ofisi ithibitishe kwa maandishi kama mkurugenzi yu hai.

Maxime alithibitisha kwamba amekufa. Aliandika mwenyewe, akasaini, akagonga muhuri, na kabla ya saa sita barua ilikuwa imeondoka. Pingamizi likafutwa. Chanelle aliandika kwamba anasikitika sana, na kwamba huduma yao itaendelea kuwa bure.

Mawazo alikuja Alhamisi. Dévote alimweleza yote bila kumficha kitu, huku Aloys akisikiliza, mikono yake ikiwa juu ya meza.

"Ile ya kusema Papa amekufa," Mawazo aliuliza, "Maxime alimaliza nayo siku ngapi?"

"Saa mbili tu."

Mawazo alimwangalia Aloys, akampa pole. Kisha akaenda kuwaambia wenzake kesho wasianike ndagala.