Bibi Okdan Aliyepenya Chini ya Mlango

Usiku wa jana niliota, na kama nina chembe ya uongo, chai yangu isikolee sukari mpaka nizikwe. Mnaonijua mnajua mimi na sukari.

Niko sebuleni kwetu hapa Korogwe, nimechoka, na mjadala umeanza. Chama chetu cha wastaafu wasomaji kina sharti moja: asiyemaliza kitabu anawapikia wenzake chapati, tena anasukuma mwenyewe. Leo zamu ya kuongoza ni yangu. Kitabu ni riwaya ya Kikorea iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, habari za Bibi Okdan, anayetunza mitungi ya kabichi ya pilipili juu ya paa huku wanawe wakimsumbua auze nyumba. Mimi niliishia ukurasa wa sitini.

"Umeniacha wazi tangu Idi," ukurasa wa sitini unaniambia. "Mgongo unaniuma."

"Hata mimi wangu," naujibu.

Wajumbe wananikodolea macho. Nakohoa kidogo, kama msomi.

"Bibi Okdan," nasema, "ni mhusika bapa. Habadiliki. Na mwishoni anakufa."

Hodi inapigwa. Kabla sijasema karibu, Bibi Okdan mwenyewe anapenya chini ya mlango, bapa kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Anajitandaza kwenye zulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesema bapa, haya, nimekuwa bapa. Na kufa nife saa ngapi? Nina kabichi kwenye chumvi."

Bibi anaguna, anakunja mikono kifuani, anakufa. Bi Tabia, mke wangu, ambaye ndiye katibu wa chama, anauliza kama kuna mengineyo.

Sasa sebule ni paa la nyumba huko Korea. Baridi inakata. Mitungi imejifunga kanga nyeusi, inalia. Mwandishi, Bi Noh, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imemvimba. Pembeni yake mfasiri ananitafsiria kilio.

"Inasema uwii," anasema mfasiri. "Kwa Kikorea ni ndefu zaidi, ila nimechoka."

Bi Noh hata hanitazami. "Miaka yote ile nimemlea bibi huyu. Hakufa hata pale nilipotaka mwenyewe afe. Wewe umemuua kwa mdomo tu."

"Nisamehe, dada. Anafufukaje?"

"Sema kweli. Umesoma mpaka wapi?"

Naufikiria unga. Nafikiria kuwasukumia chapati chama kizima na bega langu hili bovu.

"Nimepitiapitia," nasema.

Mtungi mmoja unapasuka.

"Nilifika katikati."

Wa pili unapasuka. Kabichi inamwagika, inateremka ngazi yenyewe, inaondoka zake. Bibi Okdan, kalala bapa kati ya mitungi, anafumbua jicho moja.

"Mjukuu wangu," anasema, "mitungi inakwisha."

Mtungi wa tatu umeanza kuingia nyufa. Bega au bibi. Nafumba macho.

"Sijasoma!" napiga kelele. "Niliishia sitini, na hiyo sitini yenyewe nusu!"

Bibi anaumuka taratibu kama andazi kwenye mafuta. Anapata mashavu, anapata tumbo, anapata nyonga. Anainuka, anachovya mkono mtungini, kisha ananipaka pilipili nyekundu kwenye kidole cha mwisho, kama tunavyopakwa wino siku ya kupiga kura.

"Wewe tayari," anasema. Anarudi kwenye kabichi yake bila hata kwaheri.

Nikazinduka. Kumekucha. Bi Tabia kasimama mlangoni, amejifunga kibwebwe, amekumbatia mfuko wa unga.

"Baba Mwanaisha. Sitini?"

"Sitini nini?"

"Umepiga kelele mpaka jirani, Mzee Shekiondo, kaitikia huko kwake. Na wiki nzima unaniambia umemaliza, kitabu kitamu."

"Mke wangu, ile ndoto tu."

"Ndoto inajua na nusu ukurasa? Amka. Wageni wa chama saa nane."

Nikaamka. Nikachota unga, nikatia maji, nikaanza kukanda, bega linalia. Si muda, donge likawa jekundu palepale kidole changu hicho kinapopita. Bi Tabia akanishika mkono, akaunusa. Nyumbani kwetu pilipili haiingii, daktari alishamkataza mke wangu zamani.

"Hii nini?"

"Ya Bibi Okdan. Mzima wa afya."

Akapiga chafya mara mbili, macho yakamtoka machozi. Akanitazama, akalitazama donge, akanitazama tena.

"Sukuma," akasema.