Ghala la Salamu Zilizokatwa

Jana usiku niliota tuko katikati ya ugomvi, mimi na Somoe, jirani yangu wa ukuta mmoja, na ugomvi wenyewe ulikuwa umeshachemka kabla mimi sijafika.

"Wageni wako wananipitia jikoni," Somoe alikuwa akisema. "Tangu alfajiri wanapita tu, na mmoja wao amekanyaga..."

Hakumaliza. Stendi yangu ya simu, ile ya miguu mitatu, ilikuwa imesimama kati yetu ikiwa na mkasi wa kukatia miyaa, majani yangu ya kusukia. Iliyakata maneno yake hapo hapo kwenye "amekanyaga." Kipande kilichobaki kikaanguka mchangani. Stendi iliinama, ikakiokota, ikakitia kwenye kiroba.

"Zimetimia," ilisema. "Sekunde tatu. Haya, zamu ya mwenzake."

Nami nikaanza kumjibu Somoe kwamba wageni ni baraka na jiko lake lina mlango wa kufunga. Nilifika kwenye "baraka," nikakatwa. Tuligombana hivyo muda mrefu, vipande vipande, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua amemtukana mwenzake kiasi gani.

Hapo lazima nieleze kidogo, maana ndoto haina adabu ya kumweleza mtu. Mimi ni Asumini, msusi wa makawa, vile vifuniko vya chakula vya ukili, hapa Mikumbi, Lindi. Ni mtu wa watu. Siku ikipita hajaingia mgeni kwangu, naiona nyumba kama ina maiti ndani. Habari za mtaa huanzia kibarazani kwangu, zikienda mbali zikirudi huwa zimenona. Basi mwezi uliopita tuliitwa semina ukumbi wa kata, akina mama wa kazi za mikono, tufundishwe kutafuta watazamaji mtandaoni. Mwalimu alikuwa kijana mmoja, Denisi, mwenye viatu vilivyochongoka. Aliionyesha video yangu ukutani. Mle ndani nawasalimu watu wa Mikumbi dakika nzima na nusu: naulizia wagonjwa, nampa hongera binti wa Zuhura kwa kujifungua salama, nawaombea waliosafiri, ndipo nanyanyua kawa. Ukumbi ulicheka. Denisi hakucheka. Alisema kwa upole kabisa, "Mama, wameshaondoka. Una sekunde tatu. Onyesha mzigo, salamu kata."

Nilikata. Video ya salamu ilikuwa imetazamwa na watu thelathini na mmoja, ishirini kati yao wa mtaa huu huu. Ile isiyo na salamu ikatazamwa na elfu nne.

Turudi ndotoni. Ugomvi ulipochoka wenyewe, niligeuka nikaona uani kwangu kumejaa. Moyo ukafurahi. Sijawahi kupata nyumba iliyojaa namna ile, hata siku ya arusi yangu. Nikatandika mikeka yote, na mingine nikaazima, nikasema karibuni jamani, karibuni.

Hakuna aliyekaa. Anaingia mmoja, ananitazama, moja, mbili, tatu, anatokea upande wa jikoni kwa Somoe. Anaingia mwingine. Nasema "Za utokako?" na mpaka nifike kwenye "utokako" nazungumza na mgongo. Wote walikuwa na macho makubwa mazuri na kidole gumba kimoja. Midomo hawakuwa nayo. Wali wa nazi niliowapikia ulikaa pale ukafanya ukoko juu na chini.

Baadhi yao walikuwa wakiondoka wanadondosha moyo mdogo mwekundu, mkavu, mwepesi kama ganda la kitunguu. Nilichukua fagio la chelewa nikaifagia mioyo ile, nikaikusanya lundo. Paka wa mtaani alikuja, akanusa mmoja, akaondoka zake.

"Wameongezeka," stendi iliniambia. "Usisimame. Ijumaa hukuweka video."

Kweli, Ijumaa sikuweka. Ndiyo maana mguu wangu wa kushoto ulikuwa hauonekani. Nilikuwa nautembelea kwa mazoea tu.

Niliketi kwenye kigoda kando ya kawa langu, lile lile la elfu nne, jekundu na zambarau. Kawa likahema. "Dada," likasema, "wamenitazama watu elfu nne, na sijafunika hata muhogo."

Nililiambia livumilie.

"Na ukingo wangu umelegea," likasema. "Katika wote hao hakuna aliyeona."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ukingo nilifundishwa na Bi Fatu, mama yake Somoe. Alitufundisha wote wawili kwenye mkeka mmoja, Somoe mkono wake wa kulia, mimi wa kushoto, na yeyote aliyelegeza ukili alipigwa kikofi kidogo cha goti. Nikageuka kumtazama Somoe. Alikuwa bado amesimama ukutani, mdomo unakwenda, sauti haitoki. Stendi ilikuwa inamkata hata kabla hajaanza. Na mikononi alikuwa ameshika kitu kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa, ila mikono yenyewe ilikuwa mitupu.

Basi hapo nikakumbuka, na niliyoyakumbuka si ya ndotoni. Siku kumi na moja zilizopita Bi Fatu alikuwa ameshazikwa kijijini, na Somoe alirudi kutoka matangani. Hata mzigo hakuutua. Alipita kwangu kwanza, akasimama kwenye uzio, akasema, "Hodi." Mimi nilikuwa mbele ya simu, kidoa chekundu kinawaka. Sikugeuka. Niliinua kidole cha shahada, hivi, maana yake subiri. Nilipomaliza alikuwa ameshaondoka. Jioni, nikiitengeneza ile video, niliisikia hodi yake kwa nyuma. Nikaikata.

Sikwenda kumpa pole. Siku ya kwanza niliona aibu. Siku ya pili niliona aibu ya kuchelewa. Siku ya tatu nikawaambia watu kibarazani kwamba Somoe karudi na maringo ya msiba, hasemi na mtu. Watu wakaitikia, maana habari nikiitoa mimi huwa inaitikiwa.

"Vile viroba unavipeleka wapi?" niliiuliza stendi.

"Ghalani."

Nafungua mlango wa choo changu, na ndani ni ghala la korosho. Lile refu la bati, lenye harufu inayokaba koo. Lakini magunia yaliyopangwa mpaka kwenye kenchi si ya korosho. Kila gunia linanong'ona. Moja linasema "shikamoo, shikamoo." Jingine linaulizia watoto. Napita lingine lina sauti yangu mwenyewe, linampa hongera binti wa Zuhura, tena kwa furaha ambayo sikumbuki kama niliwahi kuwa nayo.

Mwenye ghala ni stendi ile ile, imevaa miwani ya kusomea, imesimama nyuma ya mizani. Nikaisalimia. Ikapokea salamu yangu, ikaitia kwenye gunia, ikafunga.

"Nataka hodi ya Somoe," nikasema.

Ilikwenda nyuma kwa miguu yake mitatu, ko, ko, ko, ikarudi imekumbatia kifurushi kidogo. Ikakiweka juu ya mizani. Hodi ni kitu chepesi, nilidhani. Mizani ikaenda chini mpaka ikagonga mbao.

"Mbona nzito?"

"Hodi yenyewe haina uzito. Ni kilichokuwa nyuma yake." Stendi ikarekebisha miwani, ikasoma lebo kama mtu anayesoma bei ya sukari. "Salamu. Mtumaji, Bi Fatu. Mchukuzi, Somoe. Mpokeaji, Asumini. Haikufika. Sababu, mpokeaji aliinua kidole."

Nikaomba nifungue.

"Aliyetumwa ndiye anayefungua."

Nikasema basi Bi Fatu atume nyingine, hii iachwe.

Stendi ilinitazama. Haina macho, lakini ilinitazama. "Hatumi tena," ikasema.

Sikulia. Ndotoni chozi lilitoka likachukua sekunde tatu, likakatwa. Niliuliza tu kinatakiwa nini ili nikichukue kifurushi. Ikanijibu kuwa ni lazima sahani ya pili ya mizani ilingane na ya kwanza. Nikakumbuka lundo langu. Nikarudi uani mbio, nikaizoa mioyo yote kwa ungo, safari nne, nikaimwaga kwenye sahani. Sahani haikutikisika. Nikaongeza mikeka yangu. Nikaongeza wali ule wenye ukoko juu na chini. Kawa lenyewe likapanda kwa hiari yake, likajikunyata pale. Wapi.

"Weka kidole," ilisema stendi.

"Kipi?"

"Unakijua."

Nikaweka kidole cha shahada. Sahani ilikuwa na mafuta meusi ya ganda la korosho, na aliyewahi kubangua korosho anayajua yale mafuta yanavyokula ngozi. Kidole kiliwaka. Polepole, sahani ikaanza kushuka. Sikukitoa. Kilivyokuwa kizito kile kidole, nilishangaa nilikiinuaje siku ile.

Zikalingana. Nikachukua kifurushi, nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu, mafundo mawili, nikatoka.

Nje hakuna Mikumbi. Kuna njia moja ndefu, huku na huku wamejipanga wale elfu nne, na kila ninayempita ananitazama sekunde tatu na kusahau. Mlango wa Somoe unaonekana kule mwisho, mdogo kama kifungo. Nakimbia kwa mguu mmoja na mazoea. Nafika. Nataka kusema pole. Nasema "po," na nyuma yangu nasikia mkasi unafunguka.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nilikaa kitandani nikajicheka kidogo, kama mtu anavyocheka peke yake ili nyumba isikie. Kisha nikajifunga kanga, nikaona pindo lina mafundo mawili. Mimi silali na fundo, wala sikuwa na cha kufunga. Nikafungua. Hamkuwa na kitu.

Ila kidole cha shahada kilikuwa kinawasha. Nikakipeleka kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa nyeusi, ngozi imeanza kujikunja, na ukikinusa ni ganda la korosho. Sabuni haikuutoa weusi huo. Na korosho, kwa anayeijua Lindi, msimu bado miezi mitatu.

Simu niliiacha juu ya kitanda. Mfiwa haendewi mikono mitupu, nami sikuwa na kingine cha maana ndani, nikachukua kawa. Hatua ni ishirini kutoka mlango wangu mpaka wake, na leo nilizijua zote.

"Hodi," nikasema.

Ndani kijiko kiligonga sufuria.

"Hodi."

Nilipiga ya tatu ndipo akajibu, karibu, kwa sauti ile ya kumkaribisha mtu wa sensa. Nikamkuta jikoni, sahani moja mbele yake, mihogo na dagaa wa nazi, hajaanza kula. Sikukaribishwa kukaa, nikakaa mlangoni, nje ya kizingiti. Nikaanza kumsalimia, na sikukata kitu. Nilimuuliza alivyolala, njia ya kurudi ilikuwaje, nani alimwosha marehemu, nani alibaki na wajukuu, kama mvua iliwakuta makaburini. Mwanzo alijibu neno moja moja. Kisha mawili. Tulipofika kwenye siku ya mazishi alikuwa anaeleza mwenyewe, anafuta macho kwa kiganja, na dagaa wanapoa, na mimi nikamwambia na lile la maringo ya msiba, kwamba lilitoka mdomoni kwangu. Akasema analijua. Ni nani mwingine angelisema vizuri vile.

"Pole kwa msiba, shoga," nikasema. "Nimechelewa."

"Umechelewa," alisema Somoe. "Nimeshapoa."

Nikampa kawa kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipokiona kidole. Alikishika, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Korosho umebangulia wapi? Msimu bado."

"Ghalani," nikasema.

Hakucheka, wala hakuuliza ghala gani. Alikaa nacho mkononi, ananitazama, na nilihesabu zikapita tatu, zikapita nyingi.

"Mama alikusalimu," alisema mwishowe. "Siku ile nilikuwa nakuletea salamu hiyo. Alinishika mkono, akasema nikifika nisitue mzigo mpaka nikwambie."

"Alisemaje?"

"Alisema, mwambie Asumini ukingo wa kawa akaze. Anaulegeza."

Somoe akalipindua kawa langu mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, mzunguko mzima, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Nilisubiri kikofi cha goti.

"Umelegeza," alisema, akaliweka kando, akasogeza sahani katikati. "Nawa hiyo mikono, shoga. Ingia ule."