Miti ya Mikebeni

Siku hizi wageni wakija kwetu Sirisia husifu kivuli cha mti ule. Wakisifu nanyamaza, maana nikianza kusema nitamtukana mtu.

Mwaka wa 1954 tulikuwa maskwota Endebess, tukiishi na kufanya kazi kwenye shamba la setla mmoja wa Kizungu. Baba alikuwa amefariki na kuzikwa kwao Sirisia, lakini mama yangu, Nekoye, alirudi Endebess kufua nguo za nyumba kubwa, nami nikawa nakamua ng'ombe. Sheria ya shamba ilikuwa moja: skwota apande mahindi na maharagwe, avune, basi. Asipande mti. Mti hukaa, na anayepanda kitu cha kukaa ipo siku atasema hapa ni pake.

Mke wa setla aliletewa kutoka ng'ambo gunia la makadamia, zile njugu zenye ganda linaloshinda nyundo. Zilizowachosha kuvunja walizitupa jalalani. Mama akaziokota. Alizilowesha usiku kucha, akazifukia kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, udongo kwa samadi, akaificha nyuma ya nyumba yetu. Panya walikula nyingi. Tulingoja mpaka nikachoka, nikamwambia amepanda mawe. Halafu ganda moja likapasuka, kukachomoza kichipukizi.

"Hii si shamba," mama alikuwa akisema. "Hii ni mkebe. Wakinifukuza, nabeba."

Miti ilipofika magotini, nyapara wetu, Mukhisa, akaenda kumwita setla. Mama akamwonyesha kwamba hakuna kilichopandwa ardhini. Setla akaupiga mkebe teke. Haukuanguka. Mukhisa akauvuta kwa mikono miwili, ukang'oka: kitako kilikuwa kimeliwa na kutu, na mzizi ulikuwa umezama kwenye shamba. Sisi wenyewe hatukujua. Mukhisa akacheka. Mtu wa kwetu, wa lugha yetu, akacheka! Mpaka leo nikikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

"Wewe panda mahindi tu," setla akasema. "Miti hapana. Kwenda!"

Tulifukuzwa siku hiyo hiyo. Mama aliikata mizizi kwa panga ili aibebe miti yake, na karibu yote ikakauka njiani. Uliofika Sirisia ni mmoja, ambao mkebe wake ulikuwa bado mzima.

Baba mdogo Wabwile, ndugu wa baba, alitupokea vizuri. Kuku akachinjwa, tukala pamoja. Asubuhi akamkuta mama anachimba shimo kwenye shamba la marehemu.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Napanda mti."

"Ati mti? Si unajua mwanamke hapandi miti? Mwenye kupanda ndiye mwenye shamba. Unataka watu waseme hapa hakuna mwanaume? Wewe panda mahindi tu, bana. Miti hapana."

Tumepanda lori kutoka Endebess, tumekula vumbi mchana kutwa, tuje kusikia maneno yale yale, safari hii kutoka kwa mtu wa damu yetu! Nilitaka kumrukia. Mama alinishika mkono. Akalifukia lile shimo, akaubeba mkebe mpaka kwenye kaburi la baba, akaupasua, akaupanda mti pale kichwani pake.

Wabwile akaja mbio na jembe, matusi yakimtoka. Majirani wakakusanyika uani.

"Chimba basi," mama akamwambia. "Mizizi inaelekea kwa ndugu yako. Ukimfikia, muulize kama shamba ni lake au ni lako."

Jembe lilikuwa limeshainuliwa. Wabwile akawatazama majirani, akalitazama kaburi. Akalishusha polepole, akaliweka begani, akaenda zake.

Mama akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Unangoja nini?" akanifokea. "Leta maji."