Maboksi ya Malawi

Jumamosi hiyo nilirudi kutoka shamba la bamia nikamkuta mke wangu ameketi sakafuni katikati ya maboksi, uso ameukaza hata nikasita mlangoni. Nyumba yetu hapa Kibwezi si kubwa. Maboksi ya viatu karibu mia mbili yalikuwa yamejaa sebule nzima, kila moja limefungwa kwa karatasi ya maua na kubandikwa jina la nyumba iliyolileta.

"Baba Kaloki," akaniambia, "njoo uone watu wa Mungu wanapeleka nini Malawi."

Akanipa daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu za mtoto wa darasa la nne, mwalimu amezikosoa kwa wino mwekundu. Akanipa chupa ya dawa ya kikohozi iliyopitwa na wakati tangu mwaka juzi. Akanipa kalenda ya zamani ya duka la mbolea, mwanasesere asiye na mkono, soksi moja. Moja! Nilitafuta ya pili ndani ya boksi, haikuwamo.

Kaveke, mke wangu, ni fundi wa nguo, na wakati huo ndiye aliyekuwa msimamizi wa Sande skuli ya watoto kanisani kwetu. Miaka mingi kanisa letu lilikuwa la kupokea. Maboksi ya Krismasi yalitoka ng'ambo, watoto wakapanga foleni, wakaimba, wakapewa. Mwaka jana wageni waliokuwa wakiyaleta walisema sasa ni zamu yetu kutoa, tuwakumbuke watoto wa Malawi ambao mafuriko yalibeba nyumba zao. Mchungaji Kivuva alilipokea neno hilo kwa furaha. Kisha akasikia kwamba kanisa la Mutomo lilikuwa limekwisha kukusanya maboksi mia moja na themanini.

"Mutomo!" akasema madhabahuni. "Watu wanaonunua maji kwa mtungi, watushinde sisi wenye mto?"

Tulicheka. Ikaamuliwa tufikishe mia mbili, boksi moja kwa kila nyumba, na nyumba isiachwe hata moja. Waliochelewa wangesomwa majina ibadani. Kazi hiyo alipewa Kaveke. Aliisoma orodha Jumapili tatu mfululizo, kwa sauti yake ambayo haihitaji kipaza sauti, na mimi nikikaa pale nikiona fahari.

Nikirudi kwenye ile Jumamosi: wageni walikuwa wameagiza kila boksi likaguliwe kabla ya kusafirishwa, lisibebe dawa wala kitu cha kumwagika. Ndiyo sababu Kaveke alikuwa akiyafungua. Alikuwa amefika nusu, na upande wa dirisha kulikuwa na fungu la takataka lililonifika kiunoni.

Akaingiza mkono kwenye boksi lililokuwa mbele yake, akatoa mpira. Niliutambua kabla hajasema neno; mimi ndiye niliyeuingiza.

"Huu nimeujaza pumzi mara mbili," akasema. "Mara mbili umelala. Na jina lililo juu ya boksi ni letu. Mimi niliweka kalamu za rangi na fulana niliyoshona. Mpira sikuweka."

"Watauziba. Watoto wanajua kuziba."

"Mwanao Kaloki ameshindwa kuuziba."

"Lakini Mama Kaloki, mtoto aliyepoteza hata nyumba, ukimpa mpira, wowote ule, si atashukuru tu?"

Akauweka mpira sakafuni. Mke wangu ni mzaliwa wa Mutomo. Alipokuwa na miaka minane alipokea boksi kama hayo, na ndani mlikuwa na kitabu cha picha za kupaka rangi ambacho mtoto mwingine alikuwa amekwisha kukipaka chote, hakuna hata ukurasa uliobaki. Walimsimamisha mbele ya kanisa ashukuru. Alishukuru. Aliwahi kunisimulia jambo hilo mara moja tu, mwaka tuliooana, na siku hiyo ya mpira hakulitaja.

"Rudia ulichosema," akaniambia.

Nikatoka kwenda kunawa matope ya shamba.

Jumapili akaomba dakika tano za matangazo. Mchungaji Kivuva alidhani atasoma majina ya waliobaki, akampisha. Kaveke akaivuta meza ya sadaka katikati, akafungua gunia alilokuja nalo, akaanza kupanga vitu juu ya meza kimoja kimoja. Mwanzoni watu walitabasamu. Halafu akaanza kutaja.

"Dawa ya kikohozi, imepitwa na wakati. Nyumba ya Mzee Nyamai."

Mzee Nyamai ni mzee wa kanisa, ana maduka mawili mjini. Alikohoa.

"Soksi moja. Nyumba ya Muthama. Mwanasesere bila mkono. Nyumba ya Kitonga. Mpira uliotoboka." Hapo akaniangalia mimi. "Nyumba yetu."

Watu waligeuka kunitazama. Nilitamani kutoka lakini ningepitia mbele yake. Nilikuwa na hasira naye, nisiseme uongo. Mtu anakosolewa na mkewe nyumbani, si mbele ya watu mia tatu. Yeye alikuwa amepamba moto, na kila jina alilotaja lilimwongezea sauti.

"Mnajua mnachofanya? Mnasafisha kabati zenu halafu mnaandika jina la Yesu juu! Mtoto wa Malawi atafungua Krismasi, aone daftari lenye makosa ya mtoto wa mtu! Na hivi je?"

Akainua viatu viwili vyeusi vya shule, vidogo. Vilikuwa vimepakwa rangi vikang'aa, lakini alipovigeuza, soli ya kushoto ilikuwa na tundu la kupita kidole, na ndani mmewekwa kipande cha katoni.

"Hii ni zawadi? Mtu amechukua kitu cha kutupa jalalani, akakipaka rangi ili atudanganye. Afadhali aliyeleta soksi, hakuficha. Nyumba ya..."

Akasoma karatasi, akanyamaza. Lakini alikuwa amechelewa, kwa sababu kutoka benchi la pili mwanamke alikuwa amesimama.

Tunamwita Susu Nthenya, kama tunavyomwita nyanya yeyote kwetu. Anaishi na mjukuu wake, Yvonne, ambaye mama yake alikwenda kutafuta kazi na hajarudi. Susu analima mbaazi kwenye kipande cha shamba la kuazima, na mwaka huo mvua ilikuwa imekata mapema. Jina lake lilikuwa limesomwa zile Jumapili zote tatu.

"Nyumba ya Nthenya," akasema mwenyewe. "Sema tu. Hivyo ni vya Yvonne. Ni vile alivyokuwa navyo. Nilipaka rangi kwa sababu sikutaka mtoto wa watu apate kitu kichafu."

Akamshika Yvonne mkono, wakatoka. Sote tukaiangalia miguu ya yule mtoto alipopita. Alikuwa amevaa malapa ya mtu mzima, yakimburuza.

Mchungaji Kivuva alisimama haraka. "Wapendwa, tumvumilie Mama Kaloki, amechoka na kazi. Tuimbe."

"Tusiimbe," Kaveke akasema. Sauti ilikuwa imemshuka, na iliposhuka iliogopesha zaidi. "Mchungaji, nani alisema kila nyumba?"

"Mama Kaloki, keti."

"Nani alisema nyumba isiachwe? Kwa ajili ya nini, ya kuwashinda Mutomo? Susu Nthenya amemvua mjukuu wake viatu tupate hesabu ya mia mbili! Na wewe ulikuwa unajua nyumba ile haina kitu, uliingia pale ukawaombea wapate chakula. Mimi pia nilijua. Nilisoma jina lake mara tatu."

"Keti, mama!" Mzee Nyamai akafoka.

"Wewe uliyeleta dawa mbovu, nyamaza!"

Wazee wawili wakamwendea. Hawakumgusa, lakini walisimama karibu naye hivi kwamba hakuwa na pa kwenda isipokuwa nje. Akachukua vile viatu, akatoka. Nikainuka, nikamfuata. Sikuweza kufanya lingine.

Njiani nilitembea nyuma yake. Nilikuwa bado namkasirikia, na nilijua kwamba ningefungua mdomo ningeanza na mpira, na ingekuwa aibu.

Susu Nthenya alikuwa nje akipepeta mbaazi. Hakutukaribisha kiti. Kaveke akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili, akaviweka viatu chini.

"Susu, nimekosa. Nimekuletea vya Yvonne. Na kesho nitamnunulia vingine vipya, yeye mwenyewe aje achague."

"Vitoe hapa."

"Susu..."

"Nimesema vitoe. Nilivitoa kwa mkono wangu, nikaomba, nikamwambia Yvonne kuna mtoto ambaye hana hata hivi. Mtoto akalia, kisha akakubali. Sasa unataka nimwambie nini? Kwamba zawadi yake ilikuwa ya jalalani?" Akaweka ungo chini. "Usininunulie kitu, Kaveke. Ulininyang'anya heshima mbele ya watu, sasa unataka kunilipa uani, mahali hakuna anayeona."

"Nifanye nini basi?"

"Uliniita mdanganyifu wapi?"

"Kanisani."

"Kwa sauti gani?"

Kaveke akaviinamia viatu.

"Basi," Susu akasema, akaurudia ungo wake.

Jumatatu Mchungaji Kivuva alituma ujumbe kwa simu kwamba Kaveke apumzike na kazi ya Sande skuli, na funguo za stoo aziache kwa mke wa Nyamai. Aliziacha. Jumanne walikuja vijana wa kanisa na pikapu kuchukua maboksi. Kaveke alikuwa amekesha akiyafunga upya. Vitu vibovu vilivyobaki alivitoa vyote, na maboksi yaliyobaki matupu aliyajaza nguo ndogo ndogo za watoto alizoshona kwa vitambaa vyake siku hizo mbili, bila hata kula vizuri. Viatu vya Yvonne alivipeleka kwa fundi wa viatu wa stendi, vikawekwa soli mpya, akavirudisha ndani ya boksi la Susu, viende Malawi kama Susu alivyotaka. Kazi ya mpira ilikuwa yangu. Nilinunua mwingine, nikauingiza mwenyewe, na hatukuuongelea.

Jumapili iliyofuata Kaveke akaomba nafasi ya kusema. Alinyimwa. Akaomba kwa barua. Mzee Nyamai akaikunja bila kuisoma. Basi ibada ilipoisha alitangulia kutoka, akasimama kwenye lango la kanisa, pale ambapo kila mtu lazima apite.

"Sikilizeni!" akaita. "Jumapili iliyopita nilimwita Susu Nthenya mdanganyifu. Mdanganyifu ni mimi. Nilijua hana, nikasoma jina lake mara tatu apate aibu, akatoa viatu vya mjukuu. Hakuna aliyetoa kama yeye katika kanisa hili, na ninyi mnajua, na Mchungaji anajua!"

Alirudia maneno hayo kila kundi lilipofika langoni, mpaka sauti ikakwaruza. Wengine walipita wakitazama chini. Mke wa Muthama alilia. Mchungaji alitokea mlango wa nyuma, akapanda gari. Mimi nilisimama kando ya Kaveke, nimeshika Biblia yake, na hasira yangu, kama ilikuwa bado ipo, sikujua tena ni ya kumwelekezea nani.

Susu Nthenya alikuja wa mwisho pamoja na Yvonne. Akamsikiliza Kaveke mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema, akapita.

Walikuwa wamefika barabarani aliposimama, akamwachia Yvonne mkono. Mtoto akarudi mbio kwetu na yale malapa.

"Susu anasema niende nichague," akasema. "Lakini visiwe vya bei."

Kaveke alikwenda naye Jumatatu. Walirudi na viatu vya ngozi, vya bei. Susu hakuvirudisha, ila mpaka leo akimsalimia mke wangu husalimia kwa ufupi.

Mwaka huu Mchungaji Kivuva ametangaza lengo la maboksi mia tatu. Alipomaliza, Kaveke aliinua mkono kutoka nyuma tunakokaa siku hizi.

"Orodha ya majina itasomwa tena?"

"Wakati ukifika tutaona, Mama Kaloki."

"Kama itasomwa, anza na langu. Na mbele yake uandike kwamba nimekataa."

Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo. Kabla hajataja namba, Susu Nthenya akasema kutoka benchi la pili, bila kugeuka: "Na langu."