Fimbo Zilizokwaruzika

Fundi bomba alikuwa na kanuni moja: kiungo hakiaminiwi mpaka maji yapite. Kazini ilimlinda, kwingine kote ilimsumbua. Baba mkwe, ambaye tangu harusi hakuwahi kumwambia zaidi ya "karibu" na "kwaheri", alipomwalika kujifunza gofu Jumamosi, alifurahi kwa nusu ya moyo. Nusu ya pili ilijiuliza mzee anataka nini. Lakini alitamani mno kupendwa katika nyumba ile, akakubali.

Shemeji, kaka wa mkewe, akampeleka kwenye duka la mitumba ya michezo. Akaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa fimbo saba zilizokwaruzika, mishiko imelika, akasema anayeanza hahitaji zaidi ya hizo. Muuzaji akataja bei ya chini ajabu, kisha yeye na shemeji wakatupiana jicho. Fundi akaliona. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza. Wanataka niaibike mbele ya mzee na vyuma chakavu. Akasema atafikiria.

Jioni akarudi peke yake. Kwenye kona palikuwa na seti inayong'aa, bei yake chini hata ya zile kuukuu. Muuzaji alitaka kumweleza sababu, fundi akamkatiza, akailipia. Maneno ya wauzaji anayajua.

Jumamosi uwanjani, baba mkwe alichomoa fimbo moja kwenye mfuko wa fundi, akaigeuza.

"Mwanangu, kumbe unatumia mkono wa kushoto?"

Fundi akatazama bapa la fimbo. Lilielekea upande wa wanaotumia mkono wa kushoto, usio wake. Rahisi ghali, wahenga walishasema.

"Ndiyo, baba," akajibu, maana aibu ilimtangulia mdomoni.

Akasimama kishotoshoto, akapiga. Udongo uliruka, mpira ukabaki pale pale. Shemeji, aliyekuja nao, akainama kutazama viatu vyake.

Mzee hakucheka. Alimkalisha kwenye benchi.

"Zile kuukuu zilikuwa zangu. Nilimwomba muuzaji aziweke dukani, kwa sababu nilijua nikikupa mkononi utajiuliza nataka nini."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu ambaye yeye alimwogopa miaka yote alikuwa amemsoma hivyo, na bado akampenda.

"Nimezichukua tena dukani, zipo kwenye gari," mzee akaongeza. "Kazichukue."

Fundi aliinuka. Alipiga hatua mbili, akageuka.

"Kiasi gani, baba?"

Mzee akashusha pumzi, akamtajia bei ile ile ya dukani.