Kapteni Asiye na Ng'ombe

Scolastica hakuwahi kuiona bahari, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Gemu yake ya maharamia ilipohitaji maji mapya, alipanda basi mpaka ziwa Basotu, akapiga picha za maji asubuhi nzima, akarudi Haydom akayamwaga kwenye kompyuta. Maji ni maji. Kama kuna mtu wa Tanga anabisha, alete ya kwao tuyaone.

Riziki yake aliipata kwenye steshenari karibu na stendi, akitoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Huko ndiko alikojifunza kusafisha nyuso za watu: kufuta chunusi, kunyoosha kola, kumpa mgonjwa aliyetoka hospitali jana rangi ya mtu aliyeshiba. Wateja wakipungua, alifungua gemu. Ilikuwa gemu ya zamani, ya watu wanaozunguka baharini kwa meli za matanga, wakivamia meli za wenzao na kuwapora. Wazungu waliitengeneza, kwa hiyo maharamia wote walikuwa Wazungu, na ndevu zao nyekundu, na kofia za pembe tatu, na kiu isiyokwisha. Scolastica aliwavumilia kwa muda, mwisho wakamchosha. Akaanza kuwabadilisha.

Kumbadilisha mtu wa gemu kuna kazi mbili. Kwanza mwili, unaoufinyanga kama udongo. Pili ngozi, yaani picha inayovishwa juu ya ule mwili: uso, nguo, viatu, vyote vimepasuliwa na kutandazwa bapa, kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani kwa vigingi. Ukiwamba ovyo, jicho linahamia shavuni. Mabaharia wake wa kwanza walitoka na masikio kwenye paji la uso, na kaka yake Isidori, mwendesha boda mwenye mdomo usio na breki, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Scolastica ni mbishi. Baada ya miezi michache, matanga yalikuwa mashuka, chupa za pombe kali zilikuwa vibuyu, na mabaharia walivaa mablanketi na makatambuga kama watu wenye akili zao.

Akabaki kapteni. Kapteni hafanywi na mtu yeyote tu, na Scolastica alimtafuta kwa muda mrefu bila kumpata. Ndipo siku moja mnadani akamwona mzee mmoja wa Kidatoga, mrefu, mkavu, fimbo mkononi, bangili za shaba zimejaa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa akipita katikati ya umati, na umati ukipasuka wenyewe. Scolastica akamkimbilia, akampa shikamoo, akaomba ampige picha. Mzee akaona kamera kubwa ya dukani, akaona binti nadhifu, akajua ni mambo ya vitambulisho vya wafugaji. Akasimama wima. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akanyoosha mikono bangili zionekane. Mwishoni akamtajia na jina lake kwa sauti, asije akalikosea: Gidamisi.

Basi Scolastica akatoka hapo anaruka. Ngozi ile aliifanyia kazi kwa mapenzi. Aliukuza ule uso kwenye kioo cha kompyuta mpaka akayajua makunyanzi yake yote. Bangili alizipaka moja moja. Bendera ya meli akaiandika KAPTENI GIDAMISI, kwa herufi za kusomeka kutoka meli nyingine. Akawapa vijana wa stendi gemu yenyewe kwenye flashi, na wiki haikuisha kabla Haydom nzima haijalijua jina hilo. Pikipiki ikikataa kuwaka, kijana aliipiga teke na kusema, "Kwa amri ya Kapteni Gidamisi!"

Sasa sikia jambo lenyewe. Scolastica alikuwa na mchumba, Lameck, kijana wa Kidatoga kutoka mbuga za Hanang, mchanjaji wa mifugo, mpole, asiyejua gemu wala kutaka kuijua. Wamependana kweli. Shuleni Lameck aliandikishwa kwa jina la babu yake, na baba yake yeye humwita "mzee" tu, basi, kwa hiyo Scolastica hakuwahi kulisikia jina la baba mkwe. Alimwonya mchumba wake jambo moja: kwa Wadatoga, mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo hulikwepa, akatafuta jingine. Wala hamkodolei macho. Scolastica akasema hilo ni dogo, hata kwao Wairaqw wakubwa huheshimiwa. Maskini. Usilolijua ni usiku wa giza.

Siku ya posa ikafika. Wazee watatu wakapanda kutoka mbugani mpaka Maretadu, nyumbani kwa mzee Sebastiani, baba yake Scolastica. Lameck alikaa kwenye kona, amenyamaza kama desturi inavyotaka. Binti akaitwa alete chai. Akaingia macho chini, kama alivyofundwa, akapiga goti, akasema, "Shikamooni baba." Akaanza kumimina. Mkono wa mgeni mkuu, baba yake Lameck, ukanyooshwa kupokea kikombe, na kwenye mkono ule zikashuka bangili za shaba.

Jamani! Alizijua. Alijua ipi imekwaruzwa na ipi imepinda, kwa sababu yeye mwenyewe aliupaka mkwaruzo ule. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kuelekea kwenye katambuga la mzee.

"Mwanangu, inatosha," mzee akasema.

Pengine mambo yangepita kimyakimya. Lakini mlangoni akatokea Isidori, ametoka kupeleka abiria, vumbi mpaka kwenye kope. Akamtazama mgeni. Uso ukamchanua.

"Kapteni!" akapiga kelele. "Si Kapteni Gidamisi huyu! Shikamoo, Kapteni!"

"Marahaba," mzee akajibu polepole. "Kapteni wa nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara hukumbuka kwamba ameacha pikipiki inaungurama. Isidori akatoa simu, akawasha video ya gemu ikichezwa. Wazee watatu wakainamisha vichwa juu ya kioo, wakamwona mwenzao amejifunga blanketi, anaruka kutoka meli moja hadi nyingine, anamtwanga fimbo Mzungu mwenye ndevu nyekundu, anavunja sanduku na kuondoka na vilivyomo. Juu yake bendera inapepea, na jina lake zima.

"Huyu anafanya kazi gani?" akauliza mzee mmoja.

"Ni haramia," Isidori akasema, sauti imeanza kupungua.

"Haramia ni mtu gani?"

Mzee Sebastiani hajawahi kusema uongo maishani, hata pale uongo ulipokuwa unahitajika. "Ni mwizi," akajibu. "Mwizi wa majini."

Kumwita mwizi mtu aliyekuja kuposa, tena ndani ya nyumba anayoposa, ni jambo ambalo watu hulisimulia mpaka kwa wajukuu. Scolastica alimpenda Lameck sana, na aliiona ndoa yake ikiinuka pale kwenye kiti na kuondoka kwa miguu. Angeweza kunyamaza na kumwachia Isidori mzigo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kazi ile ilikuwa yake.

"Ni mimi niliyemtengeneza, baba," akasema, macho bado chini. "Nilikupiga picha mnadani."

Mzee akaweka kikombe. "Ni wewe! Ndiyo maana kitambulisho changu hakijafika mpaka leo!"

Jikoni mama yake Scolastica akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Mnada ulijaa watu," mzee akaendelea, hacheki. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulipita, watu wakakupisha bila kuambiwa. Nilitaka mtu wa namna hiyo."

Mzee akaichukua simu mkononi. Akatazama tena, mwanzo mpaka mwisho.

"Meli hii ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Na hawa?"

"Watu wako."

"Na huyu ninayempiga?"

"Ndiye aliyekuwa kapteni kabla yako."

Wazee wengine wawili wakatazamana, na mmoja akaguna kwa kuridhika. Lakini mzee alizidi kukunja uso. Akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akatafuta kila pembe ya kioo.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Hakuna ng'ombe, baba. Ni baharini."

"Hakuna hata ndama?"

"Hakuna."

"Haya basi!" Mzee akapiga fimbo sakafuni. "Mzee mzima, ana meli, ana watu, hana hata mkia wa ng'ombe! Kwa nini asiibe? Mimi mwizi? Mimi nina zizi! Umenifanya maskini mbele ya Haydom nzima, ndilo kosa lako!"

Scolastica hakujua kama anapaswa kulia au kucheka. Mzee akatoa hukumu pale pale. Jina litoke kwenye bendera, kwani halifai kupigiwa kelele stendi jina ambalo mke wa Lameck atalikwepa. Na ng'ombe wapande melini. "Siku nitakapowaona ng'ombe wangu huko," akasema, "ndipo nitakapoleta ng'ombe huku. Kabla ya hapo, hapana."

Wakaondoka. Uani Lameck akamsogelea mchumba wake, jasho linamtoka. "Angekuwa amekataa, angeiacha chai," akanong'ona. "Ameimaliza yote, na ya kwenye kisahani."

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi kwelikweli. Gemu yenyewe ilikuwa na kasuku na panya, lakini ng'ombe, thubutu! Ikabidi auchukue mwili wa baharia na kuuinamisha. Ng'ombe wa kwanza alikataa kuinama. Alitembea sitahani kwa miguu miwili, amenyanyua panga. "Huyu ndiye wa mahari?" Isidori akauliza, akafukuzwa dukani. Wa pili alikubali kuwa na miguu minne, ila magoti yalikunjika kama ya mtu anayesali rozari. Scolastica akarudi Maretadu, akakaa kwenye zizi la baba yake tangu alfajiri, akitazama jinsi ng'ombe anavyonyanyua kwato.

"Umekulia na ng'ombe hawa," mzee Sebastiani akamwambia, "leo ndiyo unawaona?"

Ilikuwa kweli, na ilimwingia. Alikuwa amewachunga, amewakamua, amewatukana, ila kuwatazama hakuwahi. Lameck naye akatuma picha za ng'ombe wa baba yake, kila mmoja ubavu huu na ubavu huu. Scolastica akaziwamba ngozi zile moja baada ya moja, mwekundu, wa kijivu, mwenye baka jeupe tumboni. Bendera akaifuta ikabaki nyeupe. Usiku alisali ili mzee asione kasoro, asubuhi akaona aibu kumsumbua Mungu kwa mkia wa ng'ombe, halafu akasali tena.

Siku ya mnada baba yake Lameck akaja mwenyewe dukani. Akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, fimbo katikati ya magoti. Scolastica akamwamkia, akageuza kioo upande wake, akasimama kando na kuinamisha uso.

Meli ikatokea. Ng'ombe walijaa sitahani, wanapunga mikia, wanasogea taratibu jinsi ng'ombe anavyosogea akiwa hana haraka na mtu. Midomo ya mzee ilikuwa inacheza. Alikuwa akiwaita mmoja mmoja kwa majina.

"Maji haya ni ya Basotu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Huyu mwenye baka, pembe yake ya kushoto imelala. Wewe umeisimamisha."

"Nitailaza, baba."

Mzee akasogeza uso karibu na kioo.

"Nani anawakamua?"

Scolastica alifikiria pembe, alifikiria kwato, alifikiria hata inzi. Hilo halikumjia kabisa. "Hakuna mtu, baba," akasema kwa unyonge. "Mabaharia wote ni wanaume."

"Ng'ombe asiyekamuliwa anaumia." Mzee akainuka, akaweka blanketi lake sawa begani. Akaenda mpaka mlangoni, na kutoka pale, bila kugeuka, akasema, "Jiweke wewe. Hao sasa ni ng'ombe wa nyumbani kwako. Mwambie baba yako tunakuja."

Scolastica alisubiri mpaka bangili zikaacha kusikika barabarani. Kisha akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akalia kwa furaha mpaka akakosa pumzi. Alipotulia, akakaa mwenyewe mbele ya ile kamera, akaiwamba sura yake, akajiweka sitahani chini ya ng'ombe mwenye baka, kibuyu mapajani na bastola kiunoni. Akawasha gemu. Kapteni akapita katikati ya ng'ombe wake, na yule mkamwana akainamisha uso, akaendelea kukamua.